Noeli ya Pwani, na Baridi Niliyoitafuta

Mhariri wa kurasa za Kiswahili ameniomba niandike somo juu ya majira ya mwaka. Nimekubali, ingawa wenzangu wa darasani watacheka, maana wanajua nilivyokosa katika jambo hilohilo.

Mwezi wa Novemba mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha: "Eleza Noeli katika mji wa pwani." Kama mjuavyo, Kigali haina bahari. Tuna vilima, tuna mito na matingatinga yake, basi. Wengi wetu hatujapata kuiona bahari kwa macho. Mimi nikakumbuka kadi moja ya Noeli iliyokuwa imebandikwa ukutani nyumbani, yenye picha ya mji wa Ulaya kando ya maji. Nikaandika kurasa mbili nzima. Theluji imefunika mapaa. Wavuvi wamevaa makoti mazito. Watoto wanateleza juu ya barafu, na wazee wamekaa wakiota moto. Nilijisifu moyoni kwa kazi ile. Daftari liliporudi, chini ya ukurasa palikuwa na maneno matatu tu kwa wino mwekundu: "Mji gani huu?"

Sikuwa na jibu. Lakini nilikuwa na njia ya kulitafuta.

Baba yangu ni dereva wa lori. Huchukua kontena bandarini Dar es Salaam na kuzileta Kigali, mwendo wa kilomita zipatazo 1,500, kwa njia ya Rusumo. Noeli nne mfululizo hakuwa nyumbani. Kila mwaka simu hulia, naye husema mzigo haujatoka. Mimi ndimi mkubwa wa watoto, na mwaka jana nilianza kufikiri kwamba baba anaipenda bahari kuliko anavyotupenda sisi. Neno hilo sikumwambia mtu ila mama. Mama hakukasirika. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Basi nenda ukamwone huko aliko." Akaanza kuweka akiba ya nauli, nami nikashughulikia hati ya kusafiria.

Shule zilipofungwa nikapanda basi Nyabugogo alfajiri, nimevaa sweta, maana asubuhi za Desemba kwetu nyuzijoto huwa kama 16 tu. Tukavuka daraja la Rusumo, tukapita Kahama, Singida na Dodoma. Sweta niliivua Dodoma. Baada ya Morogoro hewa ikawa nzito, yenye unyevu, kama ya jikoni sufuria ikichemka. Nikamkuta baba amesimama kituoni amevaa shati jepesi. Neno lake la kwanza, kabla hata ya kuuliza habari za nyumbani, lilikuwa, "Hiyo sweta umemletea nani, mwanangu?"

Ilikuwa tarehe 20 Desemba, na joto la mchana lilifika nyuzi 32. Usiku halikupungua sana. Nilitafuta dalili ya Noeli niliyoijua kwenye kadi, sikuiona. Nikaona nyingine. Kando ya barabara iko miti mikubwa yenye matawi yaliyotandaa kama mwavuli, imejaa maua mekundu kabisa. Niliuliza jina lake, nikaambiwa ni mkrismasi, kwa sababu huchanua wakati huu wa sikukuu. Basi hawa wana mti wao wa Noeli, nao haukatwi wala kuletwa ndani. Umesimama njiani, na kila mtu ni wake. Masokoni embe zilikuwa tele. Wauzaji huzikata vipande, wakazitia chumvi na pilipili, na mtu hula akitembea.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba watu wengi wa mji ule, sikukuu inapokaribia, huukimbia mji. Mabasi ya Moshi na Arusha hujaa hata mtu hapati nafasi. Wachaga hasa hupenda kurudi nyumbani Kilimanjaro, wakale Krismasi na wazee wao. Fikirini jambo hilo: wanaondoka pwani penye joto, wanakwenda chini ya mlima wenye urefu wa mita 5,895 ambao kileleni una barafu. Kama kadi yangu ingetaka kusema kweli katika nchi hizi, ingechorwa huko juu, wala si bandarini.

Siku ya pili baba alinipeleka Feri, kwenye soko la samaki, karibu na kivuko cha kwenda Kigamboni. Palikuwa na mzee mmoja mvuvi akishona wavu kivulini. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, kijana." Nikamwuliza bila haya kama mji huu una majira ya baridi. Akacheka. "Baridi yetu ni kipupwe," akasema, "mwezi wa sita na wa saba. Ukija wakati huo alfajiri utanikuta nimejifunika shuka. Sasa ni kaskazi. Huusikii upepo huu?" Akainua mkono kuonyesha unakotoka. Akaniambia kwamba wakati wa kaskazi bahari hutulia na mvuvi huweza kwenda mbali, lakini wakati wa kusi mawimbi huwa makali na wengi hukaa karibu na pwani. Kati ya pepo hizo mbili kuna siku za maleleji, ambapo upepo hauna mwelekeo.

Hapo ndipo somo langu linapoanza kwa kweli, kwa hiyo nawaomba msinichoke.

Watu wa pwani huuhesabu mwaka kwa pepo na mvua. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba mpaka Machi. Hufuata masika, mvua kubwa, mpaka Mei. Kusi hushika tangu Aprili mpaka Septemba, na ndani yake kuna kipupwe, ambapo usiku wa Dar es Salaam huweza kushuka hata nyuzi 19. Kisha huja vuli, mvua ndogo, mpaka Desemba. Sisi Wanyarwanda nasi tuna majira manne: umuhindo, mvua za tangu Septemba, urugaryi, kiangazi kifupi cha Desemba hadi Februari, itumba, mvua kubwa, na icyi, kiangazi kirefu. Yalinganisheni mtaona kwamba ni ndugu. Umuhindo ni vuli, itumba ni masika. Kumbe mwalimu alipotuuliza habari za pwani hakutuuliza habari za ugenini sana.

Sasa, kaskazi hutoka wapi? Mkitaka kuelewa, ingieni jikoni jioni ya baridi. Moto unawaka, hewa iliyo juu yake inapata joto, inakuwa nyepesi, inapanda. Na miguuni mwenu, chini ya mlango, mtasikia hewa baridi ikiingia kushika nafasi yake. Dunia nayo ni hivyo. Nchi kavu hupata joto upesi na kupoa upesi, bahari hukawia. Mwezi wa Desemba jua liko kusini. Tarehe 21 au 22 huwa juu kabisa ya Tropiki ya Kaprikoni, ile inayopita Msumbiji na Madagaska. Wakati huo Bara la Asia limeachwa na jua. Huko Siberia mahali pengine baridi hushuka hata nyuzi 40 chini ya sifuri. Hewa ya huko inakuwa nzito, inalala chini, inasukuma. Nayo hutafuta njia kwenda penye hewa nyepesi, yaani kusini, kwetu. Kwa kuwa dunia inazunguka, upepo huo haunyoki bali hupinda kuelekea magharibi, ndiyo maana huifikia pwani ya Somalia na Kenya ukitoka kaskazini-mashariki.

Basi mbona haututetemeshi? Ni kwa sababu njiani hupita juu ya Bahari ya Hindi, maelfu ya kilomita, na bahari ile ni ya vuguvugu. Upepo unapofika Dar es Salaam umekwisha kupata joto. Ni kama mgeni aliyevua koti lake njiani.

Niliposoma hayo na kuyafahamu, nilifurahi kidogo juu ya insha yangu. Majira ya baridi yapo kweli pwani wakati wa Noeli, ila hayaji kwa umbo la theluji. Yanakuja kwa umbo la upepo. Na mawingu ya mvua nayo hulifuata jua kwenda kusini, kwa hiyo sisi wa Kigali tunapata urugaryi. Theluji ya Asia, upepo wa yule mzee wa Feri, na vumbi linaloanza kuonekana kwetu, vyote hutokana na jua lilelile kwenda kusini.

Msidhani kwamba elimu hii ilikuwa ya kufurahisha akili tu. Zamani ilikuwa uhai na mauti. Majahazi ya Oman na ya Ghuba yalikuja na kaskazi, yakileta tende, samaki wakavu na mazulia, yakangoja mpaka kusi ivume, ndipo yakarudi na boriti za mikoko. Nahodha aliyechelewa alikaa mwaka mzima. Vasco da Gama, yule Mreno, alikula Noeli ya mwaka 1497 akiwa kwenye pwani ya kusini mwa Afrika, ndiyo maana nchi ile ikaitwa Natal, neno la Noeli katika Kireno. Aprili 1498 aliondoka Malindi pamoja na rubani aliyeijua njia, kusi ikamsukuma, akafika India kwa siku zisizotimia thelathini. Lakini kurudi hakungoja. Aliondoka huko mwanzo wa Oktoba, kabla kaskazi haijakaza. Safari ile ilimchukua karibu miezi mitatu. Noeli ya 1498 iliwakuta katikati ya maji, mabaharia wakifa kwa kiseyeye. Walipofika Malindi Januari 1499, waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu, ikabidi moja ichomwe moto. Kama angengoja miezi miwili hivi, naamini wengi wa wale wangefika makwao.

Nilimsimulia baba habari hiyo tumekaa chini ya tela, uwanjani kwa malori. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na sisi hapa tunangoja. Ila sisi hatujui upepo wetu utavuma lini."

Sasa niwaambie habari ya uwanja ule. Usiku wa tarehe 24 nilihesabu malori zaidi ya arobaini. Madereva walikuwa wa Rwanda, wa Burundi, wa Kongo, wa Zambia, na wenyeji. Bandari ile hulisha nchi hizi zote, na mzigo usipotoka, mtu haondoki, kwa maana akiondoka bila mzigo hana malipo. Niliwaona wakipiga simu nyumbani mmoja mmoja, wamejitenga kila mtu kando ya gurudumu lake, wakisema maneno yaleyale niliyoyasikia miaka minne: mzigo haujatoka. Siku zile nilidhani ni udhuru.

Saa ya misa tulikwenda Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1897 na 1902, likiitazama bandari. Watu walijaa hata nje, wakijipepea kwa karatasi. Nyimbo nyingine nilizijua kwa Kinyarwanda, nikaziimba kwa lugha yangu, wala hapana aliyegeuka.

Mchana wa Noeli tulikwenda Coco Beach. Sijapata kuona watoto wengi hivyo wenye nguo mpya, wengine wakiingia majini nazo. Watu wa dini zote walikuwapo, kama ilivyo kwetu Nyamirambo siku za sikukuu. Tulinunua mihogo ya kukaanga na pilipili, tukanywa madafu. Baba, ambaye kwa miaka yote hiyo ameishi karibu na bahari, aliniambia kwamba hajapata kuja pale siku ya sikukuu hata mara moja. Nikamwuliza kwa nini. Akajibu, "Kuja peke yangu nifanye nini?" Nikatazama maji, maana sikuwa na la kusema.

Jioni madereva walipika pilau katika sufuria moja kubwa, kila mtu akitoa alichonacho. Dereva mmoja Mzambia alitia chumvi mara mbili kwa kusahau. Tulikula hivyohivyo.

Kontena yetu ilitoka tarehe 27. Nilirudi na baba ndani ya lori, siku nne njiani, tukilala vituoni. Rusumo tulikuta foleni ndefu. Nikatoa daftari langu, nikafungua ukurasa wenye wino mwekundu, na chini ya swali la mwalimu nikaandika insha upya, nikianza na jina la mji. Baba aliisoma akiwa ameshika usukani, lori limesimama. Alipomaliza akanirudishia, akauliza mbona sikuandika neno lolote juu ya mihogo.