Mita Sitini: Somo la Ziwa kwa Mjenzi wa Kigoma na Ujiji

Mgeni anayefika Ujiji kutazama mnara wa kumbukumbu ya David Livingstone huuliza mara nyingi: ziwa liko wapi? Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipomkuta Livingstone hapa, maji hayakuwa mbali. Leo ni lazima kuteremka mamia ya mita kuyafikia, na njiani kuna nyumba za watu.

Stanley alirudi Ujiji mwaka 1876. Aliandika kuwa miti mitatu ya jamii ya mchikichi iliyokuwa sokoni miaka mitano kabla sasa ilisimama ndani ya ziwa, futi 100 hivi kutoka ukingoni, na kwamba mchanga waliotembelea asubuhi yeye na Livingstone ulikuwa umefunikwa kwa zaidi ya futi 200. Futi 200 ni takriban mita 60. Kisha, mwaka 1878, maji yalizibua Mto Lukuga upande wa Kongo, ambao ndio mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa hili, na katika miaka iliyofuata kina kikashuka kwa mita 10 hivi. Ardhi kubwa ikabaki kavu, na wazee wetu wakailima na kuijenga.

Kuna jambo hapa ambalo kila mwenye nia ya kununua kiwanja anapaswa kulitafakari. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wapo wanaoiona sheria hiyo kuwa ukali wa ofisini. Lakini mita 60 ndizo hasa ambazo Tanganyika ilizimeza hapa Ujiji katika muda wa miaka mitano tu. Tangu mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2019 tumeliona tena ziwa likipanda, na wakazi wa Kibirizi, Katonga na Ujiji hawahitaji kuelezwa na jarida hili jinsi maji yanavyoingia ukumbini. Kwa hiyo mita hizo zisipimwe mwezi wa Septemba, ziwa likiwa limepungua. Zipimwe kutoka alama ya juu ambayo maji yamewahi kufika. Mzee wa mtaa akikwambia kuwa mahali hapo mashua zilikuwa zikifungwa, msikilize kabla ya kumsikiliza dalali.

Ziwa si hatari pekee. Bonde la Katubuka halipo ufukweni, lakini maji ya mvua hukusanyika humo kwa kukosa njia ya kutoka. Kiwanja cha bondeni huwa rahisi wakati wa kiangazi; gharama yake halisi hujulikana masika.

Je, nyumba zijazo zitakaa wapi? Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 215,458 katika Manispaa, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 232,388. Ongezeko hilo la asilimia 8 ni nusu ya lile la Mkoa mzima, uliofikia watu 2,470,967. Asidhani mtu kwamba mji umelala. Anayesafiri kuelekea Mwandiga huona matofali yakipangwa pande zote za barabara, hata nje ya mpaka wetu. Na reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, yenye urefu wa kilomita 506, itakapokamilika, bei ya ardhi haitabaki ilivyo. Reli ya kwanza, iliyofika mwaka 1914, ndiyo iliyouhamishia Kigoma uzito wa mji kutoka Ujiji.

Ardhi ya juu, kwa maoni yetu, ndiyo yenye kufaa, ila kwa masharti ya utaratibu: mchoro wa mipangomiji kwanza, mawe ya upimaji yafuate, kisha kibali cha ujenzi, ndipo msingi uchimbwe. Wengi wetu tumeanza na msingi. Karatasi ya mauziano yenye sahihi za mashahidi na muhuri wa mtaa inathibitisha kuwa fedha zimelipwa. Haithibitishi kuwa eneo si hifadhi ya barabara, wala si milki. Kabla ya kulipa, fika Idara ya Ardhi ukiwa na jina la mtaa na namba ya kiwanja, uombe kuonyeshwa kiwanja hicho kwenye mchoro.

Kwa mitaa iliyokwisha kujengwa, njia iliyopo ni urasimishaji, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Barabara haiwezi kupatikana bila kila jirani kuachia kipande cha ardhi yake. Mwenye kukataa mita moja na nusu huona ameokoa urithi wa watoto. Lakini gari la zimamoto halipiti kwenye kichochoro cha mita mbili, na gari la wagonjwa humsubiri mama mjamzito barabara kuu huku akibebwa kwa kiti na vijana. Hati milki nayo haitolewi kwa kiwanja kisichopimwa, na upimaji hukwama pale majirani wasipokubaliana mpaka. Kamati ya urasimishaji itakapopita mtaani, mwenye nyumba awepo yeye mwenyewe pamoja na majirani wanaopakana naye pande zote, wala asimwachie mpangaji kuonyesha mipaka.