Sheria Juu ya Kufuga Nyoka wa Sumu

Mtu wa Garissa akimkamata moma shambani mwake, akamtia debeni ili awaonyeshe watu sokoni kwa malipo, je, nyoka yule amekuwa mali yake? La. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, hapana ruhusa ya kufuga mnyama wa porini wala kumwuza pasipo hati ya serikali, na nyoka naye ni mnyama wa porini, ingawa wengi hawamhesabu hivyo. Atakaye kuleta nyoka wa nchi za nje hana budi kuwa na hati vilevile.

Sababu yafaa ifahamike. Dawa ya sumu hutengenezwa kwa sumu ya nyoka wenyewe, na kila dawa ina nyoka wake. Kule Wajir na Mandera yuko kipiri mdogo asuguaye magamba yake hata yakatoa sauti kama mafuta yakaangwapo. Ana ndugu yake Bara Hindi. Lakini dawa ya huko haimfai aliyeumwa na huyu wa kwetu. Ikiwa ndugu hutofautiana hivi, mganga wa Garissa atamtibu kwa nini aliyeumwa na nyoka mgeni kabisa? Tena aumwaye huenda asiwe mwenye nyoka, bali mtoto wa jirani.

Aliyeumwa asichanjwe wala asifungwe kamba. Atulizwe, asitembee, apelekwe hospitali upesi. Na aliye na nyoka nyumbani asimbebe mwenyewe, bali apeleke habari kwa maofisa wa KWS.