Somo la 14: Daftari la Ng'ombe wa Maziwa

Umekwisha kujifunza jinsi ng'ombe anavyomeng'enya majani na jinsi kiwele kinavyotengeneza maziwa. Katika somo hili utajifunza jinsi mfugaji anavyoweza kumjua ng'ombe wake kwa kupima, kuandika na kulinganisha.

Wafugaji wengi huwatambua ng'ombe wao kwa rangi, kwa pembe na hata kwa mlio. Ujuzi huo ni mzuri, lakini hautoshi kwa biashara ya maziwa. Jicho huona yaliyopo leo. Haliwezi kuhesabu lita zilizokamuliwa miezi minane iliyopita.

1. Ng'ombe yupi auzwe?

Tuchukue mfano wa familia yenye ng'ombe wawili, Nyota na Kahawia. Wote wawili walizaa mwanzoni mwa Januari. Wanalishwa majani na pumba za aina moja kwa kiasi kile kile. Sasa majani yamepungua, na familia haina budi kumwuza mmoja.

Baba anataka kumwuza Kahawia. Anakumbuka jinsi ndoo ya Nyota ilivyokuwa ikijaa baada ya kuzaa, na majirani wanakubaliana naye. Lakini binti yake amekuwa akipima maziwa kila asubuhi na kila jioni, na kuyaandika katika daftari. Chunguza jedwali alilolitengeneza.

Wastani wa lita za maziwa kwa siku

Miezi | Nyota | Kahawia
Januari na Februari | 14 | 10
Machi na Aprili | 11 | 10
Mei na Juni | 7 | 9
Julai na Agosti | 3 | 8
Septemba na Oktoba | 0 | 6

Unaona nini? Ng'ombe hutoa maziwa mengi zaidi kati ya wiki ya nne na wiki ya nane baada ya kuzaa. Kisha maziwa hupungua. Ng'ombe wengine hupunguza haraka, na wengine polepole. Nyota alianza vizuri, lakini alikauka mapema.

Tukihesabu siku 60 kwa kila miezi miwili, Nyota alitoa lita 2,100 na Kahawia alitoa lita 2,580. Kahawia alimzidi mwenzake kwa lita 480, ingawa hakuna siku hata moja ambayo ndoo yake ilijaa kama ile ya Nyota. Bila daftari, familia ingemwuza ng'ombe aliye bora.

Hata hivyo, tusiharakishe. Hesabu za maziwa hutuambia kwamba maziwa yalipungua. Hazituambii kwa nini. Ng'ombe anayeugua ugonjwa wa kiwele hupunguza maziwa, na vivyo hivyo ng'ombe asiyepata chakula na maji ya kutosha. Ndiyo maana binti yule alifungua pia ukurasa wa afya. Aliona kwamba Nyota hakuugua hata mara moja. Sasa familia ingeweza kuamua kwa haki.

2. Hatua nne za mfumo wa taarifa

Kuandika peke yake hakutoshi. Daftari lisilosomwa ni sawa na maziwa yaliyoachwa yagande ndani ya ndoo. Ili kumbukumbu zimsaidie mfugaji, lazima zipite katika hatua nne:

(a) Kukusanya: kupima maziwa, chakula na fedha kila siku, na kuandika siku ile ile.
(b) Kuhifadhi: kumpa kila ng'ombe jina au namba na ukurasa wake, na kuliweka daftari mahali pakavu.
(c) Kuchambua: kujumlisha, kutafuta wastani, na kulinganisha ng'ombe na ng'ombe, mwezi na mwezi.
(d) Kuamua: kutenda kwa kufuata yale yaliyoonekana.

Hatua hizi nne zikiunganishwa huitwa mfumo wa taarifa. Mfumo unaweza kuwa wa karatasi au wa kompyuta. Hatua ni zile zile.

3. Tarehe ni mali

Ng'ombe jike asiye na mimba huhitaji dume kila baada ya siku 21 hivi. Wakati huo hulia mara kwa mara, hutembea sana, na husimama tuli wenzake wanapompanda. Dalili hizo hudumu chini ya siku moja. Mfugaji asipoziona, hana budi kungoja tena siku 21, huku akiendelea kumlisha.

Tuseme Kahawia alionyesha dalili tarehe 3 Machi. Mfugaji aliyeandika tarehe hiyo atamwangalia kwa makini kuanzia tarehe 21 Machi. Kahawia akipandishwa tarehe 24 Machi na kushika mimba, atazaa baada ya siku 283 hivi, yaani mwanzoni mwa Januari. Inafaa aache kukamuliwa siku 60 kabla ya kuzaa, ili kiwele kipumzike na ndama akue vizuri tumboni. Kwa hiyo atakaushwa mwanzoni mwa Novemba. Tarehe moja iliyoandikwa mwezi wa Machi imetupa mpango wa mwaka mzima.

4. Daftari humlinda mnywaji

Ng'ombe akitibiwa kwa baadhi ya dawa, sehemu ya dawa huingia katika maziwa. Maziwa hayo hayafai kunywewa wala kuuzwa mpaka zipite siku zilizoagizwa na mganga wa mifugo. Mfugaji asipoandika jina la dawa na tarehe ya matibabu, atazihesabuje siku hizo? Mtoto wa jirani anaweza kunywa dawa asiyoihitaji kwa sababu ya mstari mmoja ambao haukuandikwa.

5. Kutoka daftari hadi kompyuta

Kazi hii si ngeni duniani. Mwaka 1890, mwanasayansi Stephen Babcock wa Marekani alitangaza njia rahisi ya kupima mafuta yaliyomo katika maziwa. Tangu hapo ilikuwa vigumu kwa mtu kutia maji katika maziwa na kulipwa sawa na mwuzaji mwaminifu. Mwaka 1895, wafugaji wa Vejen, nchini Denmark, waliunda chama cha kupima maziwa. Mpimaji wao alizunguka kutoka shamba hadi shamba, akiandika maziwa na chakula cha kila ng'ombe.

Huko Anand, nchini India, wafugaji wadogo walianzisha ushirika wao mwaka 1946 ili wasipunjwe na wafanya biashara. Baadaye kompyuta zilianza kutumika katika vituo vya vijijini vya kupokelea maziwa. Mfugaji huleta maziwa yake. Mizani huyapima, kifaa kingine hupima mafuta, na kompyuta hukokotoa malipo. Mfugaji hupewa karatasi yenye hesabu yake. Hata mwenye ng'ombe mmoja anaweza kujua anadai kiasi gani.

Katika mashamba makubwa ya siku hizi, ng'ombe huvishwa hereni yenye namba, au mkanda wenye kifaa kinachohesabu mwendo wake. Mwendo ukizidi ghafla, kompyuta humwarifu mfugaji kwamba huenda ng'ombe huyo anahitaji dume. Mwendo ukipungua, huenda ni mgonjwa.

Lakini kumbuka: kompyuta haijui ukweli ambao haikupewa. Ukiandika lita 10 mahali pa lita 6, itajumlisha uongo huo upesi na kwa unadhifu. Uaminifu wa anayepima ndio msingi wa mfumo wote.

Jaribu mwenyewe

Chagua ng'ombe, mbuzi wa maziwa au kuku wanaotaga, nyumbani au shuleni. Kwa muda wa siku 14 pima maziwa, au hesabu mayai, kwa saa ile ile kila siku. Andika pia chakula walichopewa na hali ya hewa. Mwishoni tafuta wastani wa kila wiki. Waeleze wenzako kilichobadilika na unachodhani ni sababu yake.

Zoezi

1. Katika miezi ipi Kahawia alianza kumzidi Nyota kwa maziwa?
2. Ikiwa lita moja huuzwa kwa shilingi 1,000, lita 480 zingeipatia familia shilingi ngapi?
3. Ng'ombe alionyesha dalili za kuhitaji dume tarehe 5 Juni, lakini hakupandishwa. Utazitazamia dalili hizo tena tarehe ngapi?
4. Taja hatua nne za mfumo wa taarifa.
5. Tuseme ukurasa wa afya ungeonyesha kwamba Nyota aliugua ugonjwa wa kiwele mwezi wa Mei. Je, ungeishauri familia imwuze? Toa sababu zako.