Mtoto Asiyeshika Herufi

Jua, ewe ndugu, ya kwamba wako watoto chuoni ambao ukiwasomea sura mara tatu huisoma kwa ghaibu pasina kosa. Ukiwawekea ubao, hawaipambanui be na te. Baba husema ni mvivu, na mwalimu hutwaa bakora.

Hali hii matabibu huiita disleksia. Mwaka 1896 tabibu wa Kiingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwepesi wa akili na hodari wa michezo, aliyesomeshwa tangu utoto asijue kusoma ila maneno machache mafupi. Hata jina lake aliliandika herufi zimepishana, asitambue. Si ugonjwa wa macho, wala si upungufu wa akili: ni uzito wa kuunganisha umbo la herufi na sauti yake, na aghalabu huwamo katika ukoo. (Baba ampigaye mwanawe na akumbuke yeye alihitimu kwa miaka mingapi.) Haiondoki kwa umri, lakini afundishwaye kwa taratibu husoma.

Herufi zetu humzidishia taabu, kwani be, te na the zina umbo moja, hutengwa kwa nukta tu. Basi mwalimu asimpe zote tatu kwa siku moja. Ampe be, iliyoandikwa kubwa, aifuatishe kwa kidole huku akiitamka. Ikimtulia, ampe mimu, yenye umbo la mbali, kabla ya te. Wala asimsimamishe kusoma ubao mbele ya wenziwe wakamcheka. Na kuhifadhi kwa kusikia asikatizwe, maana ndiko apatako moyo.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, aliyejitahidi kujifunza Fatiha asiiweze husoma aya saba nyinginezo. Asipoziweza, huleta dhikri. Na asipoweza hata hiyo, husimama kimya kadiri ya Fatiha. Sheria haikumtoa safuni. Kwa hoja gani basi mwalimu humtoa chuoni?

Akiwa mtu mzima kazini, tajiri wake na amwagize kwa mdomo, na amsomee hati kabla ya kutia saini. Nambari zikipishana katika daftari, asikimbilie kumwita mwizi: akae naye jioni, wazipitie pamoja, mmoja akitaja na mwingine akitazama.