Tembe za Damu na Birika la Chai

Hapa Yamumbi, Eldoret, chai haipumziki: asubuhi, saa nne, jioni, na kila mgeni akibisha hodi. Kwa anayemeza dawa ya kuongeza damu, tatizo huanzia hapo.

1. Meza kwa maji, si kwa chai. Majani ya chai hukamata madini ya chuma tumboni, yakatoka bila kuingia mwilini. Maziwa nayo, mursik ikiwemo, huyazuia kiasi. Chai yetu ina vyote viwili! Meza kabla ya kula, kisha subiri saa moja au mbili ndipo ushike kikombe. Chungwa au maji ya ndimu husaidia chuma kuingia.

2. Choo kikiwa cheusi, usishtuke. Ni chuma kilichobaki. Kikinata kama lami na kunuka kupita kawaida, nenda hospitali. Tumbo likichafuka, meza pamoja na chakula kidogo, usiache dawa.

3. Ukipata nguvu, endelea. Damu hupanda mapema, lakini akiba ya chuma mwilini huchukua kama miezi mitatu zaidi kujaa.

4. Mama mjamzito, tembe ya kliniki ni ya kila siku: miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Uvumi kwamba humnenepesha mtoto tumboni hadi ashindwe kuzaliwa hauna msingi.

5. Pima kabla ya kununua sirapu kwenye kemisti. Damu hupungua kwa hedhi nzito, minyoo, malaria, ugonjwa wa figo, hata selimundu. Mwenye selimundu hutibiwa kwa asidi ya foliki na haidroksiyurea. Chuma asichohitaji kinaweza kurundikana mwilini mwake, hasa kama ameongezewa damu mara nyingi. Tena Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na huku juu mwili huhitaji hemoglobini zaidi. Kiwango kinachotosha Mombasa pwani huenda kisitoshe Yamumbi. Mkumbushe daktari.

6. Bitiruti ni tamu, lakini wekundu wake si damu. Maini yana chuma kingi zaidi.

7. Ficha tembe. Nyingi ni nyekundu, zinang'aa, na mtoto huzidhania peremende. Chache tu zinaweza kumuua. Akizimeza, usingoje dalili wala usimpe maziwa ukasubiri: mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, na ubebe pakiti.