Kusimama au Kuketi Uwanjani

Wakati wa likizo wengi wetu tunaotoka Temeke na Kinondoni huenda kutazama mpira. Tukirudi bweni, mabishano hayaishi: je, ni haki mtazamaji kusimama mchezo mzima? Wengine husema kusimama ni hatari. Wengine husema asiyetaka kusimama abaki nyumbani na redio yake. Katika makala haya nataka kuonyesha, kwa hesabu tunayoijua sote, kwamba hatari yenyewe ni msongamano, nao mara nyingi huanzia mlangoni.

1. Viwanja vyetu

Temeke kuna viwanja viwili vikubwa vilivyo jirani. Wa kwanza ni Uwanja wa Uhuru, uitwao pia Shamba la Bibi, ambapo bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961. Wa pili ni Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007, wenye viti 60,000. Chamazi kuna uwanja wa Azam, na Mwenge, upande wa Kinondoni, kuna uwanja wa KMC. Lakini Simba na Yanga wakikutana, mazungumzo yote huwa ya kwa Mkapa.

Kwa Mkapa kila mtu ana kiti. Hata hivyo huko mzunguko, penye tiketi za bei ya chini, watu husimama. Akisimama mmoja wa mbele, wa nyuma yake hana budi kusimama, na hivyo hivyo hadi safu ya juu. Mtoto aliyeletwa na baba yake haoni kitu ila migongo. Hiyo ndiyo hoja ya wanaotaka watu wakae, nayo ni hoja ya haki.

2. Funzo la Uingereza

Zamani Waingereza walikuwa na majukwaa ya kusimama nyuma ya magoli, yaliyozungushiwa uzio wa chuma. Tarehe 15 Aprili, 1989, Liverpool ilicheza na Nottingham Forest katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield. Watu walisongamana nje, milango ikiwa michache. Polisi wakafungua lango kubwa, na umati ukamiminika katika sehemu za katikati zilizokwisha kujaa, hali pembeni kulikuwa na nafasi. Watu 97 walipoteza maisha. Mashabiki walilaumiwa kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2016 mahakama ya uchunguzi ilipoamua kwamba kosa halikuwa lao.

Baada ya msiba ule, klabu za madaraja mawili ya juu zilitakiwa kuweka viti kwa watazamaji wote kufikia mwaka 1994. Lakini Wajerumani hawakuacha kusimama. Huko Dortmund, jukwaa la kusini peke yake huchukua watu zaidi ya 24,000 waliosimama. Nao Waingereza, mwaka 2022, waliruhusu tena kusimama katika sehemu maalumu zenye chuma cha kushikia mbele ya kila safu, ili mtu asimwangukie mwenzake.

3. Hesabu yenyewe

Mwongozo wa Uingereza wa usalama wa viwanja una mambo mawili yafaayo kukumbukwa. Kwanza, mahali pa kusimama pasizidi watu 47 katika mita 10 za mraba. Tuchukue jukwaa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10:

20 × 10 = mita za mraba 200
200 ÷ 10 × 47 = watu 940

Wakiingia watu 1,600, kila mita moja ya mraba ina watu 8. Hapo mtu hatembei, hutembezwa. Na kifua hukosa nafasi ya kupumua.

Pili, mlango mmoja wa chuma unaozunguka, upitishao mtu mmoja mmoja, usihesabiwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Basi:

60,000 ÷ 660 = karibu 91

Maana yake, watu wote wakija katika saa ya mwisho, milango 91 yatakiwa. Wakija kidogo kidogo kwa muda wa saa 5, milango 19 yatosha. Ndiyo sababu siku ya mechi kubwa milango hufunguliwa mapema.

4. Yaliyotupata sisi

Tarehe 28 Mei, 2023, Yanga ilicheza kwa Mkapa na USM Alger ya Algeria, fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, mchezo wa kwanza. Yanga ilifungwa 2–1. Lakini msiba ulikuwa nje: watu walikanyagana wakigombea kuingia, mmoja alifariki, na wapatao 30 waliumia. Viti 60,000 vya ndani havikumfaa aliyebanwa mlangoni.

Tena tarehe 21 Machi, 2021, katika Uwanja wa Uhuru, watu 45 walifariki katika msongamano wa kumuaga Rais John Magufuli. Siku ile hapakuwa na Simba wala Yanga, wala hakuna aliyekwenda kwa fujo. Watu walikuwa wengi kuliko nafasi ya kupita.

5. Maoni yangu

Mimi ni mtu wa Msimbazi, na kwa kweli nyimbo hazitoki vizuri mtu akiwa ameketi. Naona sehemu za nyuma ya magoli zingewekwa vyuma vya kushikia, watu wakahesabiwa, wakasimama. Kwingine kote watu wakae, wazee na watoto waone mpira. Ngazi ziachwe wazi daima.

Nasi tuna wajibu wetu. Tununue tiketi mapema; asiye na tiketi asiende kubahatisha mlangoni. Wazazi wetu, msimpeleke mtoto saa ya mwisho. Ukijikuta umebanwa, weka mikono mbele ya kifua, usiinamie kiatu kilichokuvuka, wala usishindane na umati. Sogea upande kidogo kidogo hadi utoke.

Zoezi

Uwanja una nafasi za watu 7,000 na milango 4 ya kuzunguka. Mchezo waanza saa 10 jioni. Milango ifunguliwe saa ngapi, ili wote wawe ndani kabla ya filimbi? (Jibu: isipite saa 7 na dakika 20 mchana.)

Mwanafunzi, Kidato cha Nne