Miguu ya Ndama Hujengwa Tumboni

Wafugaji wengi huanza kumwangalia ng'ombe mwenye mimba pale kiwele kinapojaa. Kwa upande wa miguu ya ndama, hapo wamechelewa. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi, lakini umbo la miguu hupangwa katika miezi miwili au mitatu ya mwanzo. Huchipua vinundu, ndani yake gegedu hushika sura ya kila mfupa, kisha gegedu hilo hugeuka mfupa kuanzia katikati kwenda kwenye ncha. Hata ule mfupa mmoja mrefu ulio juu ya kifundo cha kwato huanza ukiwa mifupa miwili, ikaja kuungana baadaye. Miezi inayofuata ni ya kurefusha na kukaza, na madini mengi huingia katika theluthi ya mwisho. Madhara ya mwanzo, basi, hupinda umbo lenyewe, na chakula kizuri cha mwishoni hakiwezi kulinyoosha.

Ushahidi uko kwenye dawa tuliyoizoea. Albendazole, dawa ya minyoo inayouzwa kila duka la mifugo, haipewi ng'ombe katika siku 45 za kwanza za mimba, wala kondoo katika siku 30 za kwanza, kwa sababu inaweza kudhuru kijusi, mifupa ikiwemo. Upungufu wa madini ya manganizi nao huleta ndama wenye mifupa mifupi na viungo vilivyovimba. Vipo pia virusi vinavyokakamaza viungo, na kasoro za kurithi. Hivyo si kila mguu uliopinda umetokana na lishe, na laana haihusiki kabisa.

Wapo watakaosema mama humlipia mtoto kutoka mifupani mwake. Ni kweli kwa kalsiamu, ingawa mama ndiye hubaki na deni. Lakini mama hana akiba kubwa ya manganizi ya kugawa. Wengine huogopa kwamba mtamba akishiba, ndama atakuwa mkubwa na kukwama. Kunenepesha kupita kiasi ni hatari kweli. Hata hivyo, kumshindisha njaa si dawa: humdhoofisha yeye na ndama, na uzazi mgumu hupunguzwa zaidi kwa kuchagua dume linalofaa na kusubiri mtamba akomae.

Andika tarehe kila ng'ombe anapopandishwa au kuhimilishwa, weka jiwe la chumvi ya madini tangu kabla ya siku hiyo, na umtajie mtaalamu wa mifugo tarehe hiyo kabla hajatoa dawa yoyote.